Wengu uliopasuka, utumbo uliokaa kimya: uchambuzi wa kisa cha dereva wa bodaboda

Kijana wa miaka 24, dereva wa bodaboda katika mkoa mmoja wa kusini mwa Tanzania, aliletwa hospitali ya rufaa ya mkoa saa tatu na nusu usiku. Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto. Saa moja jioni alikuwa amefunga gunia nyuma ya pikipiki, akilipeleka ghala la chama cha msingi, mbuzi akakatiza barabara ya changarawe. Alifunga breki, gurudumu la mbele likageuka, naye akaangukia ncha ya usukani kwa ubavu wa kushoto.

Wenzake wa kijiweni walimwinua. Alisimama mwenyewe, akajipangusa vumbi, akasema yuko poa. Wakampeleka kwao. Mama yake alimkanda tumbo kwa kitambaa cha maji moto, akampa panadoli mbili. Ilipofika saa tatu aliinuka kwenda kukojoa, akaona giza, akakaa chini hapo hapo mlangoni. Waliporudi kumlaza chali, bega la kushoto likaanza kumuuma, ingawa bega hilo halikuguswa na kitu katika ajali. Kaka yake hakungoja kuche.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mtu huyu alikuwa na majeraha mawili ya tabia tofauti kabisa. Moja lilijitangaza ndani ya saa chache na likavuta macho ya kila mtu. La pili lilikaa kimya usiku kucha. Nimebadilisha mambo machache ili mwenyewe asitambulike, na ameridhia habari zake zisimuliwe.

Alivyopokewa

Njiani kaka yake alitaka kwanza wapitie kituo cha polisi kuchukua PF3, mwenzake wa kijiweni akamkatalia. Alifanya vema. PF3 ni fomu ya kisheria, ina kazi yake, lakini mtu anayevuja damu hutibiwa kwanza na fomu ikafuata. Ndugu wengi bado huamini kinyume, na muda wanaoupoteza kituoni ni ule ule ambao mgonjwa anauhitaji.

Daktari wa zamu hakuanzia tumboni. Aliangalia kama njia ya hewa iko wazi: kijana alikuwa akizungumza vizuri. Pumzi 24 kwa dakika, hewa ikiingia mapafu yote mawili sawasawa. Mapigo ya moyo 112. Presha 108/82. Mikono ya baridi, na ukibonyeza ukucha rangi ilichelewa kurudi. Fahamu kamili. Shingo haikuwa na maumivu, nyonga ilikuwa imara, mifupa mirefu mizima. Mgongoni, alipogeuzwa na watu watatu kwa pamoja, hapakuwa na jeraha.

Tumboni palikuwa na alama ya mviringo, mchubuko mwekundu wa ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, chini kidogo ya mbavu za kushoto. Mbavu ya tisa na ya kumi zilimuuma zilipobonyezwa. Tumbo lilikuwa laini, maumivu yakiwa upande wa kushoto juu peke yake. Misuli haikukakamaa.

Hapa ndipo wengi huteleza. Presha ya 108 juu inasomeka kama ya mtu mzima wa afya, na tumbo laini linaonekana kama tumbo salama. Lakini iangalie presha hiyo kwa namba zake zote mbili. Tofauti kati ya 108 na 82 ni 26, wakati kwa kawaida huwa karibu 40. Namba ya chini imepanda kwa sababu mishipa ya damu imejibana ili damu iliyobaki ielekee moyoni na kwenye ubongo, na ndiyo maana mikono ilikuwa ya baridi. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya lita 5 hivi. Akipoteza hadi asilimia 15 anaweza asionyeshe lolote. Kati ya asilimia 15 na 30, yaani mililita 750 hadi 1,500, mapigo hupanda na tofauti hiyo ya presha hupungua, huku namba ya juu ikiwa imesimama pale pale. Inapoanza kushuka, mara nyingi mgonjwa amekwisha kupoteza zaidi ya asilimia 30. Vijana hasa ndivyo walivyo: miili yao hushikilia presha kwa muda mrefu, kisha huachia kwa ghafla.

Kuna hesabu rahisi ambayo ningependa kila muuguzi wa mapokezi aijue. Gawanya mapigo ya moyo kwa presha ya juu. Kwa mtu huyu, 112 kwa 108, jibu linapita 1. Likizidi 0.9 kwa majeruhi mtu mzima, mchukulie kuwa anavuja damu mpaka uthibitishe vinginevyo.

Wingi wa damu, yaani himoglobini, ulipopimwa ulikuwa gramu 11.8 kwa desilita. Kipimo hiki cha kwanza hakina msaada mkubwa wa kusema amepoteza kiasi gani. Mtu anapovuja, hupoteza damu nzima, maji na chembe zake kwa pamoja, hivyo kinachobaki kina ukolezi ule ule. Namba hushuka baadaye, maji ya mwilini yanapoingia mishipani au dripu inapomiminwa. Faida ya 11.8 ni kuwa mahali pa kuanzia: unaiandika ili uilinganishe na ya saa saba usiku na ya alfajiri.

Na lile bega? Damu iliyokusanyika chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hukichokoza, na neva ya kiwambo hicho, freniki, hutoka shingoni katika usawa ule ule wa neva zinazopokea hisia za bega. Ubongo hupokea habari ya tumboni ukaisoma kuwa ya begani. Dalili hii inaitwa kwa jina la Hans Kehr, daktari mpasuaji wa Kijerumani. Mgonjwa mwenyewe hataitaja, kwa kuwa haoni uhusiano wa bega na tumbo. Ni juu yetu kumuuliza.

Ultrasaundi na dakika zinazohesabika

Wengu, ambao wengine huuita bandama, hukaa chini ya mbavu za tisa hadi kumi na moja upande wa kushoto. Ni kiungo laini kilichojaa damu, na pamoja na ini ndivyo viungo vinavyoumia zaidi tumbo linapopigwa bila kutobolewa. Katika mikoa yetu yenye malaria kuna jambo la ziada: mtu aliyeugua mara nyingi anaweza kuwa na wengu uliovimba, ukashuka chini ya mbavu ambako hakuna ngao, na pigo dogo tu likaupasua. Kwa hiyo tunauliza habari za malaria na kupima. Huyu kipimo chake cha haraka hakikuonyesha malaria.

Ultrasaundi ya dharura ilifanywa kitandani pake, bila kumhamisha. Huangaliwa sehemu nne: kati ya ini na figo ya kulia, kati ya wengu na figo ya kushoto, nyuma ya kibofu, na kuzunguka moyo. Palikuwa na maji kuzunguka wengu, utepe mwembamba kando ya ini, na kidogo nyuma ya kibofu. Moyo ulikuwa mkavu. Kwa majeruhi wa namna hii maji hayo ni damu mpaka yathibitike kuwa kitu kingine.

Kipimo hiki kina mipaka ambayo haina budi kusemwa waziwazi. Kinahitaji maji kiasi, kama mililita 200 au zaidi, ndipo kiyaone kwa uhakika. Hakionyeshi damu iliyojificha nyuma ya tumbo, kwenye figo na kongosho. Na utumbo uliotoboka katika saa za mwanzo hukipita kabisa. Kinajibu swali moja tu: je, kuna maji ndani ya tumbo? Anayekitumia kujibu swali jingine atajidanganya.

Mishipa miwili mikubwa ya mikono iliwekwa kanula nene. Alipewa nusu lita ya dripu ya Ringa lakteti iliyopashwa moto, basi, na hapo damu ikaombwa. Zamani tulifundishwa kumimina lita mbili za maji kwa kila aliyejeruhiwa. Siku hizi tunajua kwamba maji mengi hupunguza nguvu ya damu kuganda, hupoza mwili, na presha ikipandishwa mno kabla ya kidonda kuziba, donge lililoziba huchomoka. Kwa majeruhi asiye na jeraha la kichwa, presha ya juu ya 80 hadi 90 inavumilika kwa muda mfupi anapopelekwa kupasuliwa. Huyu alikuwa na 108. Hapakuwa na sababu ya kumfurika maji.

Asidi ya traneksamiki gramu 1 iliingizwa mshipani taratibu kwa dakika kumi, saa nne kasoro robo usiku, kisha gramu 1 nyingine kwa saa nane. Dawa hii huzuia donge la damu lisiyeyushwe. Utafiti mkubwa wa CRASH-2, uliotangazwa mwaka 2010 ukiwa na majeruhi 20,211 kutoka nchi 40, ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya majeruhi wanaovuja damu. Uchambuzi wa mwaka uliofuata ukaongeza sharti zito: itolewe ndani ya saa tatu tangu ajali, kwa kuwa baada ya hapo haisaidii tena na inaweza kudhuru. Kijana huyu aliipata ikiwa imebaki robo saa. Kama wangepitia polisi, asingeipata. Ni dawa ya bei nafuu, haihitaji mashine yoyote, na sioni sababu ya kituo chochote kinachopokea majeruhi wa barabarani kukosa vichupa vyake.

Alipewa pia mofini kidogo kidogo mpaka uso ukatulia. Bado kuna wanaoamini kwamba kutuliza maumivu kunaficha dalili za tumbo. Dozi ya kiasi haifichi. Mgonjwa aliyetulia hukuachia tumbo lake ulipapase vizuri, lakini anayegugumia kwa maumivu hukaza kila msuli na usijue kipi ni kipi. Kumwacha mtu ateseke kwa hofu hiyo ni kumtesa bure. Diklofenaki, ambayo hupigwa sana kwa kila maumivu, haifai hapa kwa sababu hupunguza uwezo wa damu kuganda na huzielemea figo ambazo tayari zina uhaba wa damu.

Chupa moja ya damu iliwekwa. Wenzake wanne wa kijiweni walikuwa wamefuata nyuma na pikipiki zao, wakajitolea kuchangia benki ya damu usiku ule ule. Damu yao ingepimwa Ukimwi, homa ya ini, kaswende na ulinganifu kabla ya kumfikia mtu yeyote. Ilipofika saa tano usiku mapigo yalikuwa 94 na presha 118/76. Mikono ikawa na joto.

Kupasua au kutopasua

Kama presha ingekataa kupanda, au ingepanda na kushuka tena, pasingekuwa na mjadala: moja kwa moja chumba cha upasuaji, wengu utolewe, damu ikomeshwe. Majeruhi asiyeitikia damu na mwenye maji tumboni kwenye ultrasaundi hapelekwi kwenye picha nyingine yoyote.

Lakini huyu aliitikia. Na wengu si kiungo cha kutupa ovyo. Mwaka 1952 King na Shumacker waliandika habari za watoto wachanga waliopata maambukizi makali ya damu baada ya kutolewa wengu, na tangu hapo ikaeleweka kwamba kiungo hiki ni mlinzi, hasa dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo zinazoletwa na bakteria wenye ganda. Mwaka 1968 Upadhyaya na Simpson wa Toronto walionyesha kwamba watoto wengi wenye wengu uliopasuka hupona bila kupasuliwa. Kutoka kwa watoto njia hiyo ikahamia kwa watu wazima. Kwetu kuna uzito zaidi: asiye na wengu yuko hatarini kwa malaria kali, na chanjo anazohitaji baada ya upasuaji, za bakteria wa nyumokoka, meningokoka na hemofilasi, si rahisi kwa mtu mzima kuzipata mbali na miji mikubwa.

Katika hospitali zilizojaliwa, hapa ndipo CT skani yenye dawa ya mshipani hufanywa. Huonyesha mpasuko wa wengu ni wa daraja gani kati ya 1 na 5, kama damu bado inachuruzika, na mara nyingi huashiria jeraha la utumbo. CT ya karibu ilikuwa mwendo wa saa nne kwa gari la wagonjwa. Kumpeleka mtu mwenye wengu uliopasuka saa nne za barabara usiku, akiwa na muuguzi mmoja na bila chumba cha upasuaji njiani, kwa ajili ya picha, ni kumwondoa mahali penye kisu na damu na kumweka mahali pasipo na vyote viwili. Sikubaliani na uamuzi wa namna hiyo hata kama kitabu kinaitaja picha kama hatua inayofuata.

Tuliamua abaki, achunguzwe kwa karibu, asipasuliwe kwanza. Uamuzi huo ulisimama juu ya masharti: presha imetulia, tumbo halijakakamaa, damu ipo akiba, chumba cha upasuaji na mtaalamu wa nusukaputi wanaweza kuwa tayari ndani ya nusu saa, na kuna mtu wa kumpapasa tumbo kila saa. Sharti moja likikosekana, ni afadhali kumpasua mapema au kumpa rufaa angali imara.

Sharti la mwisho ndilo linalopuuzwa sana. Kumchunguza mgonjwa kwa karibu hufikiriwa kuwa ni kumlaza na kungoja. Ni kazi, tena nzito kuliko kupasua, kwa sababu haina kishindo na hufanywa saa ambazo kila mtu amechoka. Kazi hiyo aliibeba daktari kijana aliyekuwa katika mafunzo kwa vitendo. Alipewa maagizo matatu: kila saa aweke mkono wake mwenyewe juu ya tumbo lile, aandike alichokikuta kwa maneno na si kwa alama ya vema tu, na asimkabidhi mwingine mpaka asubuhi. Mkono mmoja unaorudi mara kumi hutambua badiliko ambalo mikono kumi tofauti haitaliona.

Mpira wa mkojo uliwekwa. Mkojo ulikuwa msafi, usio na damu, zaidi ya mililita 40 kwa saa. Hakuruhusiwa kula. Mama yake alifika na chupa ya uji, na mazungumzo yao nayakumbuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Anywe kidogo tu, tangu mchana hajatia kitu."

"Mama, tumbo lake tunalichunga, huenda akahitaji usingizi wa upasuaji wakati wowote. Akiwa na chakula tumboni kinaweza kumwingia mapafuni. Mwekee, tutakwambia saa yake."

Mama aliifunga chupa, akakaa kando ya kitanda. Maelezo ya namna hiyo yakikosekana, mgonjwa hulishwa kwa siri, na ni sisi wa kulaumiwa.

Alfajiri

Saa saba usiku wingi wa damu ulikuwa 9.6. Saa kumi, 9.4. Kwa mtu aliyepewa maji na chupa moja ya damu, hizo ni namba za aliyeacha kuvuja. Mapigo yalicheza kati ya 88 na 96. Kila aliyesoma faili alisema wengu umetulia, na ulikuwa umetulia kweli.

Maandishi ya daktari yule kijana yanasomeka hivi kwa ufupi. Saa nane: maumivu kushoto juu, tumbo laini. Saa tisa: vivyo hivyo. Saa kumi: anasema maumivu yamesogea katikati. Saa kumi na moja: hataki kugeuka, ameikunja miguu. Saa kumi na mbili: misuli imekaza kuzunguka kitovu na kulia chini, akikohoa anashika tumbo, joto 37.9, mapigo 108, presha 122/74, damu 9.4. Akapiga simu.

Ziweke namba hizo pamoja na zile za usiku. Mapigo yamepanda kama jana, lakini presha safari hii haijabana, mikono ni ya moto, na damu haijashuka hata kidogo. Huku si kuvuja. Maumivu yaliyokuwa mahali pamoja yamesambaa mpaka upande ambao usukani haukuufikia. Wengu hauwezi kueleza hali hiyo. Kuna kitu kingine kinachomwagika ndani ya tumbo.

Ncha ya usukani hugonga eneo dogo kwa nguvu kubwa, ikaubana utumbo dhidi ya uti wa mgongo. Kipande cha utumbo kinapobanwa ncha zote mbili, shinikizo la ndani hupanda ghafla na ukuta wake hupasuka, kama tairi la baiskeli linavyotoboka likigonga jiwe. Utumbo huumia pia pale unapoacha kuwa huru na kushikamana, mwanzo wa jejunamu, yaani sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, na karibu na kidole tumbo, kwa sababu sehemu iliyo huru husogea na iliyofungwa hubaki. Mikanda ya gari iliyovaliwa juu ya tumbo badala ya nyonga huleta majeraha ya aina hii hii, na mchubuko wake wa mstari tumboni uchukuliwe kwa uzito ule ule wa alama ya usukani.

Mbona dalili zilichelewa? Kilichomo kwenye sehemu ya juu ya utumbo mwembamba hakina tindikali kali kama ya mfuko wa chakula, wala bakteria wengi kama wa utumbo mpana. Kikimwagika, utando wa tumbo huchukua saa kadhaa kuwaka. Damu nayo huuchokoza utando kidogo tu, na hapo jana ilitosha kueleza maumivu yote. Jeraha moja likaliazima jingine pazia. Lakini kuchelewa kuna gharama: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu majeraha ya utumbo mwembamba ulikuta kwamba hata saa nane za kuchelewa kutambua zinaongeza madhara na vifo.

Eksirei ya kifua, akiwa ameketi wima, haikuonyesha hewa chini ya kiwambo. Hewa ikionekana inathibitisha. Isipoonekana haiondoi shaka, kwa sababu utumbo mwembamba una hewa kidogo. Tulirudia ultrasaundi: maji yalikuwa yameongezeka kati ya matumbo, yenye vumbivumbi ndani yake. Sindano ikaongozwa kwa ultrasaundi upande wa kulia chini, mbali na wengu, ikavuta maji ya rangi ya damu iliyochanganyika na kijani cha nyongo. Sindano hii ni mjukuu wa njia ya kuosha tumbo, yaani kuingiza maji na kuyavuta tena ili kutafuta damu, aliyoieleza Root na wenzake mwaka 1965, ambayo ultrasaundi imeisukuma pembeni, lakini pasipo na CT bado inaweza kumaliza ubishi kwa dakika tano. Kama isingetoka kitu, bado tungepasua. Tumbo lililokakamaa halihitaji ruhusa ya kipimo.

Ndani ya tumbo

Antibayotiki, seftriaksoni na metronidazo, zilitolewa kabla ya kisu. Saa mbili asubuhi, saa kumi na tatu tangu ajali, tumbo lilifunguliwa katikati kutoka juu hadi chini ya kitovu.

Palikuwa na damu nzee na maji ya nyongo, karibu mililita 800 kwa jumla. Wengu ulikuwa na mpasuko kwenye ncha ya chini, umefunikwa na donge gumu lililoshika vizuri, hauvuji. Hapo kuna kishawishi kikubwa: tumbo limekwisha funguliwa, kwa nini tusiutoe tukalala usingizi? Hatukuugusa. Donge lililoziba lisichokolewe, na wengu uliojiponya usiku kucha haukuwa na kosa la kuondolewa. Tuliweka kitambaa chenye unyevu mbele yake, mikono ikafanya kazi kwingine.

Tundu lilikuwa kwenye jejunamu, kama sentimita 30 kutoka mwanzo wake, lenye upana wa sentimita 1, kingo zimechubuka. Lilikatwa kingo mpaka nyama hai, likashonwa kwa kukingama ili njia isibanwe. Baada ya kulipata hilo, utumbo wote ulipitiwa inchi kwa inchi, pande zote mbili, mpaka ulipoungana na utumbo mpana, kwa kuwa matundu hupenda kuwa mawili. Kifuko kilicho nyuma ya mfuko wa chakula kilifunguliwa kuiangalia kongosho, kiungo kinachopondwa na usukani vibaya na kisichotoa dalili mapema. Ilikuwa nzima. Ini, kiwambo na kibofu vizima. Tumbo likaoshwa kwa lita kadhaa za maji ya chumvi ya vuguvugu mpaka yakatoka meupe, likafungwa.

Alifungwa moja kwa moja kwa sababu mwili wake ulikuwa na joto, presha imara, damu inaganda. Kama angekuwa wa baridi, damu yake imejaa tindikali na haigandi tena, tungefanya machache tu: kuziba panapovuja, kufunga ncha za utumbo, kufunika tumbo na kumrudisha wodini apashwe moto, kisha kumalizia kesho au keshokutwa. Njia hiyo ilipewa sura na Rotondo na wenzake wa Philadelphia mwaka 1993, na inatufaa sana katika hospitali za mikoa, ambako daktari wa upasuaji akiwa peke yake anaweza kuokoa uhai leo na kumpa rufaa mgonjwa aliye hai kwa ajili ya kazi iliyobaki.

Baadaye

Siku ya tatu alitoa hewa, mpira wa puani ukaondolewa. Siku ya nne alikunywa uji wa mama yake. Kidonda kilitoa usaha kidogo siku ya sita, nyuzi mbili zikafunguliwa, kikasafishwa kila siku. Aliruhusiwa siku ya kumi, damu ikiwa 10.1.

Ruhusa hiyo ilikuja na mgogoro wake. Pikipiki aliyoiendesha ilikuwa ya mkataba, na hesabu ya tajiri huhesabiwa kila siku, uugue usiugue. Alitaka kurudi barabarani wiki inayofuata. Wengu uliopasuka unaweza kuvuja tena siku au hata wiki kadhaa baadaye, hasa ukitikiswa, na barabara yake ni ya changarawe. Kumwambia "pumzika wiki nane" bila kuuliza atakula nini ni ushauri wa nusu. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali aliandika barua kwa mwenye pikipiki, wenzake wa kijiweni wakapokezana kuiendesha na kulipa hesabu, naye akauza vocha na maji ya chupa kijiweni hapo hapo.

Kwenye kadi yake tuliandika, na kumsomea mbele ya kaka yake: asibebe mzigo wala kuendesha kwa wiki nane, alale ndani ya chandarua, akizimia, akipauka, tumbo likivimba au bega la kushoto likianza kuuma tena, aje mara moja hata kama ni usiku, homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo, na kila mhudumu atakayemwona aambiwe kwamba wengu uliwahi kupasuka na haukutolewa.

Wiki ya nane ultrasaundi ilionyesha kovu dogo kwenye ncha ya wengu, tumbo halina maji, na kidonda kimekauka. Akaruhusiwa kuendesha, mwezi wa kwanza abiria tu, bila magunia.